Muulize Dada wa Maabara: TB haijui tarehe yako ya kudifendi

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wa masters na PhD, nadhani ni msimu wa proposo vyuoni, kila mtu amechanganyikiwa kwa wakati mmoja. Nimechukua tano. Wale mlioandika "dada naomba topiki" tu, bila kusema uko wapi, maabara ina nini na supavaiza anafanya nini, hapo sina cha kujibu, rudini na maelezo.

SWALI: Dada za kazi. Nasoma masters ya maikrobayolojia hapa Dar, mwaka wa pili. Proposo yangu imepita, inasema nitakusanya makohozi ya wagonjwa 200 wa TB, niyaoteshe, halafu nipime usugu kwa zile dawa nne za kawaida. Nimebakiwa na miezi tisa, kibali cha maadili bado hakijatoka. Supavaiza anasema inawezekana. Mimi naona giza tu. Nifanyeje? *Mwenye makohozi, Dar es Salaam*

JIBU: Mdogo wangu, supavaiza hajakudanganya, inawezekana kweli, ila hajakwambia inawezekana kwa nani.

Tupige hesabu pamoja. E. koli, yule bakteria wa utumbo, ukimpa chakula na joto zuri anajigawa kila dakika 20 hivi, unamwotesha jioni, asubuhi unamkuta amejaa sahani. Mdudu wa TB anachukua karibu siku nzima kujigawa mara moja tu. Kwa hiyo kwenye chupa za LJ, zile zenye chakula kigumu cha kuoteshea TB, unasubiri wiki 3 mpaka 8, na huruhusiwi kuandika "hakuna kilichoota" mpaka wiki ya 8 iishe. Ukitumia mashine ya MGIT, inayootesha kwenye chakula cha majimaji, inaenda haraka kidogo lakini nayo inakuweka mpaka siku 42 kabla ya kusema hasi. Na hapo bado hujagusa dawa hata moja! Kupima usugu kunataka wadudu walioota vizuri, ukifanya kwenye LJ unaongeza tena wiki 4 hadi 6, na pirazinamaidi ina vituko vyake peke yake, inataka mazingira yenye asidi na majibu yake yanayumba hata kwenye maabara kubwa. Sampuli moja inaweza kukulia miezi mitatu na zaidi, wewe una 200 na miezi tisa na kibali huna.

Halafu kuna kitu ambacho kwenye proposo watu wanakiandika mstari mmoja, kumbe ndiyo nusu ya kazi: makohozi hayana TB peke yake, yamejaa bakteria wengine wa mdomoni wanaoota haraka kuliko TB. Lazima uyaoshe kwanza kwa sodiamu haidroksaidi. Ukiyaacha muda mrefu kwenye hiyo dawa unaua na TB yenyewe, ukiyatoa mapema chupa inaoza. Utakuwa unafungua inkyubeta kila wiki unaangalia zile chupa zilizolazwa, ndani kijani kwa sababu ya rangi ya malakaiti, unatafuta vipunje vikavu vya rangi ya krimu kama makombo ya mkate, na unakuta chupa imeyeyuka imekuwa maji ya njano. Hiyo sampuli ndiyo imekwenda, na mgonjwa alishapewa dawa, huwezi kumrudia akupe makohozi ya mwanzo.

Na usisahau chumba. TB ikishaota huichezei kwenye maabara ya wanafunzi pale koridoni, inataka maabara ya usalama daraja la tatu, hewa inavutwa kuingia ndani, milango miwili, barakoa ya N95, mtu amefundishwa na jina lake liko kwenye orodha. Maabara za hivyo nchini zinahesabika na zina miradi yake, wewe ni mgeni unayeomba nafasi.

Kwa hiyo ningekuwa wewe wiki hii hii ningeandika kuomba marekebisho ya proposo. Kama moyo wako uko kwenye TB basi tafuta wadudu walioshaoteshwa, wako kwenye friza za nyuzi 80 chini ya sifuri, watu wa taasisi za utafiti za NIMR Mbeya na Ifakara kule Bagamoyo, au wa hospitali ya Kibong'oto, wamefanya TB kwa miaka mingi, mtu mwenye mradi anaweza kukuruhusu ufanye swali dogo ndani ya mradi wake. Hata wadudu wa zamani wanahitaji kibali, usije ukadanganywa kwamba kwa kuwa mgonjwa hayupo basi maadili nayo hayapo. Au tumia data za GeneXpert, mashine inayotafuta DNA ya TB kwenye makohozi. Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwaka 2010, inatoa jibu kwa saa 2 hivi, ila iandike vizuri kwenye disetesheni yako: katriji yake ya kawaida inasoma usugu wa rifampisini tu, na inanasa DNA hata ya mdudu aliyekufa, kwa hiyo mtu aliyemaliza dozi juzijuzi anaweza kuonekana bado anayo. Wasahihishaji wa nje wanapenda sana kuuliza hapo.

Ila mimi, kwa miezi tisa, ningehama mdudu kabisa. Nenda kwenye E. koli wa UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Unachota mkojo kwa lupu ya mikrolita 1, ukipata koloni 100 (vidoa vya bakteria walioota) kwenye sahani maana yake ni laki moja kwa kila mililita, hiyo ndiyo namba ya kusema kuna maambukizi. Mchana unakusanya, kesho unasoma, keshokutwa una usugu. Watu wataona ni topiki ndogo, waache waone, usugu wa antibayotiki kwenye UTI ndio unaomgusa kila mama anayekwenda kliniki.

Ila hata hapo uwe makini na ageri, ile jeli ya chakula cha bakteria. Ya kupimia usugu, Myula-Hintoni, inatakiwa iwe na kina cha milimita 4. Wanafunzi wakiona imebaki kidogo wanaimimina nyembamba ili sahani ziwe nyingi, sasa dawa ikitoka kwenye diski (kile kikaratasi chenye dawa) haina pa kwenda chini, inatawanyika pembeni, duara lisiloota bakteria linakuwa kubwa, unaandika "dawa inafanya kazi" wakati haifanyi. Disetesheni nzima inakuwa na majibu mazuri ya uongo. Kila siku ya kupima weka na yule E. koli wa kudhibiti ambaye majibu yake yanajulikana, ATCC 25922, ukimkuta yeye duara lake limetoka nje ya kipimo, tupa kazi ya siku hiyo yote. Inauma, tupa.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mama mtu mzima wa Tanga. Kijana wangu alimaliza digrii tukashangilia, akasema anaendelea masters, sasa eti PhD, anasoma vidudu na kinga za mwili. Ana miaka 31. Akija likizo naogopa, nimemtengea hadi taulo. Anaweza kutuletea ugonjwa? Na huku kusoma kunaisha lini, maana wenzake wana watoto shule. *Mama wa Chumbageni*

JIBU: Shikamoo mama. Taulo lirudishe mahali pake, atajisikia vibaya bure.

Vidudu vya maabara vimepangwa madaraja manne ya usalama. La kwanza ni vile visivyomdhuru mtu mzima mwenye afya, la nne ndiko wanakokaa Ebola na Marburg, na kijana wako akiwa amesoma hapa kwetu haingii huko hata akitaka. Kazi nyingi za wanafunzi ziko daraja la pili, anavaa koti, glavu, anafanyia kwenye kabati lenye feni inayovuta hewa ndani na kuichuja, akimaliza sahani zote zinaingia kwenye otokilevu, mvuke wa nyuzi 121 si chini ya dakika 15, hakitoki kitu kizima humo. Koti linabaki kazini. Ukimuona amekuja nalo nyumbani ulifue wewe, hapo mkemee, na mimi niko upande wako.

Hatari zaidi iko kwake mwenyewe mama. Zamani mabingwa wa maabara walikuwa wakifungua sahani na kuinusa ili wamjue mdudu kwa harufu, na wapo waliojipatia brusela, homa inayotoka kwa mifugo, kwa mtindo huo, mpaka leo brusela ni kati ya magonjwa yanayowapata watu wa maabara mara nyingi. Halafu kuna sindano. Akijichoma na sindano yenye damu yenye virusi vya UKIMWI, uwezekano wa kuambukizwa ni kama 3 kati ya 1,000, lakini homa ya ini B kwa mtu asiyechanjwa inaweza kufika 30 kati ya 100. Watu wanaogopa ya kwanza na kuisahau ya pili! Kwa hiyo akija likizo usimuulize habari ya taulo, muulize hivi: umechanja homa ya ini B dozi zote tatu? Inakuwa leo, baada ya mwezi, na mwezi wa sita. Wengi wanachoma mbili wanapotea. Na ajue kwamba akijichoma anatakiwa kuanza dawa za kinga mapema iwezekanavyo, mwisho saa 72, anazimeza siku 28. Aibu ya kusema "nimejichoma" imewaponza wengi.

Kusoma kunaisha lini, hapo mama nikuambie ukweli. Kwenye karatasi PhD ya kwetu ni miaka 3 hadi 4. Kwenye maisha kuna miezi anasubiri vitendanishi vilivyokwama bandarini au uwanja wa ndege, na vingine vikifika barafu imeyeyuka vimeharibika. Yeye huwa anasema "bado kidogo" kwa sababu hata yeye hajui. Kazi zipo vyuoni, kwenye taasisi za utafiti na maabara za serikali, si nyingi, na nyingi ni za mkataba wa mradi. Jambo moja tu aulizie mapema, kama anataka kazi ya maabara ya hospitali wanataka mtu aliyesajiliwa na baraza la wataalamu wa maabara, na digrii ya maikrobayolojia tupu si lazima ikufikishe huko hata ukiwa na PhD juu yake. Suala la wajukuu naomba mlimalize wenyewe.

SWALI: Nataka masters yangu ilinganishe Widal na kuotesha damu kwa wagonjwa wa taifodi. Supavaiza wa pili anasema imeshafanywa sana. Ni kweli? *Msomaji, Mwanza*

JIBU: Ni kweli, na ana haki ya kuchoka. Widal ni kipimo cha mwaka 1896, kinatafuta antibodi, na antibodi inabaki mwilini baada ya ugonjwa kupita, halafu wadudu wengine wa ukoo huo huo wanaweza kuichanganya, ndiyo maana kwenye zahanati zetu nusu ya mtaa "ina taifodi". Hilo kila mtu analijua. Na huko kwenye kuotesha damu unakofanya ndiyo hakimu, nako kunanasa kama 60 tu kati ya wagonjwa 100 wa taifodi, hasa kama mtu alishameza antibayotiki nyumbani, sasa ukilinganisha kipimo kibovu na hakimu mwenye jicho moja utaandika nini kwenye majadiliano? Badili swali. Kaa kwenye zahanati, fuata waliopimwa Widal moja wakaambiwa wanayo, uone wamepewa dawa gani, wangapi walipimwa na malaria siku hiyo hiyo. Hilo ni swali ambalo daktari wa wilaya atataka kusoma jibu lake.

SWALI: Dada habari, nimeanza PhD ya imyunolojia huku Marekani, baridi ya kufa mtu. Niko rotesheni ya pili na maabara zote nzuri zinafanya panya. Mimi nilitoka maabara ya hospitali nyumbani, nimezoea hadubini na slaidi za malaria, nilikuja nikitaka kufanya kinga ya malaria kwa watu wa kwetu. Wenzangu wanaongea lugha ya seli T, zile seli za kinga, tangu asubuhi. Nikichagua panya si nitakuwa nimewatupa watu wa nyumbani? *Mtanzania mwenye koti zito*

JIBU: Kwanza hongera, na wasomaji wengine mjue huyu anazungumzia nini: Marekani PhD za fani hizi mara nyingi chuo kinalipa ada na kukupa posho ya kuishi, unaweza kuingia hata na digrii ya kwanza tu, mwaka wa kwanza unazunguka maabara kadhaa ndipo unachagua moja, halafu unakaa miaka 5 au 6. Kwa hiyo anachagua ndoa, si topiki.

Panya usimdharau. Unaweza kumwondolea jeni moja tu ukaona kinavunjika nini, na ukitaka kujua seli T gani zinajificha kwenye ini baada ya malaria huwezi kumfungua mtu ini lake ukaangalia. Ila panya wa maabara ana shida yake, amekulia kwenye boksi safi kupita kiasi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walionyesha kwamba kinga ya hao panya wasafi inafanana na ya mtoto mchanga wa binadamu kuliko ya mtu mzima. Wakawaweka boksi moja na panya walionunuliwa duka la wanyama wa kufugwa, wale wachafu wa kawaida, baadhi ya wasafi wakafa, waliobaki kinga yao ikaanza kufanana na ya mtu mzima. Mimi nilipoisoma nilicheka, maana yeyote aliyekulia Manzese angewaambia bure, lakini wao walipima.

Sasa hilo lirudishe Bagamoyo. Ile chanjo ya PfSPZ, inayotumia vimelea vya malaria vyenyewe vilivyodhoofishwa, ilipotolewa kwa Watanzania pale Bagamoyo antibodi zao zilitoka chini kuliko za Wamarekani waliopata chanjo hiyo hiyo. Mwili uliokwisha kupigana na malaria tangu utotoni hauitiki kama mwili ambao haujawahi kuiona. Kwa nini hasa? Hapo ndipo pana PhD kadhaa, na utazihitaji zana zote mbili, panya na watu.

Na kama unahitaji moyo, soma habari ya dawa ya Ebola ya mAb114. Ilitoka kwenye damu ya mtu aliyepona Ebola Kikwit mwaka 1995, mtu wa Kongo. Miaka mingi baadaye ndipo seli zake zikachujwa antibodi ikapatikana, Profesa Muyembe wa Kinshasa akiwa ndani ya hiyo kazi, na majaribio yakafanyika huko huko mashariki ya Kongo, Beni, Butembo, kwa watu wanaoongea Kiswahili kama wewe. Waliopewa mAb114 walikufa kama 35 kati ya 100, waliopewa dawa ya kulinganishia, ZMapp, kama 50. Desemba 2020 Marekani wakaipitisha.

Kwa hiyo wiki ijayo ukiwa kwenye hiyo rotesheni usiulize "mnafanya malaria?" Wote watasema ndiyo. Uliza sampuli za watu zinatoka wapi, nani anachuja seli nyeupe, zinachujwa huko zilikotoka siku ile ile au damu nzima inapanda ndege, kwenye paper zao za mwisho kuna majina mangapi ya watu wa upande huo na yamekaa nafasi ya ngapi. Angalia pia wanafunzi waliomaliza wako wapi, kula nao chakula profesa akiwa hayupo, utajua yote. Ukipata supavaiza mzuri mwenye panya na mbaya mwenye damu ya Wabongo, nenda kwa mwenye panya, jifunze saitometri (kuhesabu na kutambua seli kwa mashine) mpaka uiote usiku, nyumbani kutakuwepo tu. Na hiyo hadubini yako usiifiche, mtu anayejua kuhesabu vimelea dhidi ya seli nyeupe 200, akazidisha kwa 8,000 na kugawa kwa 200 bila kushika simu, huko ulipo ni wachache mno.

SWALI: Sasa dada. Niko masters, nafanya vimelea vya malaria sugu. Sampuli nimekusanya mimi vijijini, PCR (kipimo cha DNA) nimefanya mimi, usiku wa manane niko lab. Juzi nimeona abstract imetumwa kwa konferensi, jina la kwanza ni la postdoc (mtafiti aliyemaliza PhD), mimi niko wa tano. Supervisor anasema "tutaangalia kwa paper." Ninyamaze ama? *Msomaji, Kisumu*

JIBU: Usinyamaze, lakini pia usiende kwa hasira wala kupitia grupu la WhatsApp la lab.

Kanuni ambazo majarida mengi ya tiba yanafuata ni za ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, na zinataka mwandishi awe amefanya mambo manne: mchango wa maana kwenye kazi, kuandika au kuhariri kwa kina, kukubali toleo la mwisho, na kuwajibika kwa kilichomo. Kukusanya sampuli peke yake hakukupi jina la kwanza, hilo ulimeze hata kama linauma. Kinachokupa ni kuandika. Wanafunzi wengi wanamaliza PCR wanasubiri waambiwe "sasa andika," na postdoc anayejua mchezo anaandika wiki moja, inakuwa yake.

Kwa hiyo anza leo usiku. Weka kwenye faili moja methodi, matokeo, picha za jeli pamoja na zile kontroli zisizo na DNA, maana mtu wa kwanza kukupinga atauliza kama kontroli yako ilikuwa safi. Andika rasimu mbovu ya kurasa chache, itume kwa emaili kwa supervisor na postdoc wote wawili, na ndani yake sema kwa adabu, "Prof, hii ni sehemu ya tesisi yangu, naomba tukubaliane mpangilio wa majina kabla ya kuituma kwa jarida." Emaili ina tarehe, maneno ya koridoni hayana. Muulize pia postdoc uso kwa uso, huenda alipewa maagizo na yeye anaona aibu. Ikigoma nenda kwa mratibu wa masters wa idara ukiwa na ile emaili mkononi. Na daftari la maabara lipige picha ukurasa kwa ukurasa sasa hivi, kabla ya yote.